Mkoba wa gobore: anza na vifaa vya kupakulia

Kijana akiachiwa gobore na baba yake, swali lake la kwanza huwa baruti anunue wapi na fataki, vile vikofia vya kuwashia baruti, zinapatikana kwa nani. Ni swali la haki. Ila mimi napenda aniulize kwanza hili: likigoma nikiwa porini, mzigo ulioko ndani nautoaje? Bunduki ya kisasa ikigoma unaifungua, unachomoa risasi, unaitazama kiganjani. Gobore ni bunduki ya kushindilia, halifunguki. Kilichoingia kwa mdomo kitatoka kwa mdomo, ama kwa moto ama kwa mkono wako, na mkono mtupu hauwezi. Ndiyo maana nikifungasha mkoba naanza na vifaa vya kupakulia. Vya kupakia hufuata.

Mimi ni mtu wa Sikonge, kusini mwa Tabora mjini. Nililelewa na mjomba aliyekuwa na bunduki ya kushindilia yenye leseni, na kiangazi kikifika alikata kibali chake akaingia msituni kutafuta kanga na kwale. Ninayoandika hapa ni aliyonifundisha yeye, pamoja na niliyoyaona mwenyewe tangu niliposhika mahali pake.

Kabla ya mkoba kuna karatasi. Leseni ya silaha, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, hupewa mtu. Haihami pamoja na bunduki. Baba akifariki, gobore lipelekwe polisi likae huko mpaka wewe mwenyewe upate leseni kwa jina lako. Kibali cha kuwinda ni karatasi nyingine, na hicho kinatoka chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Si kila silaha inaruhusiwa kwa kila mnyama, kwa hiyo nenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya ukiwa na leseni yako, mtajie bunduki ni ya aina gani, akuambie mwenyewe kama inakubalika kwa unachoomba. Ukikutwa na nyama bila kibali, hiyo ni nyara ya serikali na safari yako inaishia mahakamani. Na kama gobore lenyewe limetengenezwa vichochoroni kwa bomba la maji, lisalimishe polisi bila kulipiga hata mara moja. Bomba la maji halikutengenezwa kuhimili baruti, na likipasuka linapasukia usoni pa mpigaji. Karatasi zote mbili na kitambulisho nazifunga kwenye mfuko wa nailoni, nazitia mfuko wa shati wenye kifungo. Mkoba unaweza kuanguka mtoni. Shati linabaki mwilini.

Sasa mkoba wenyewe. Kitu cha kwanza ni mdeki, ule mti wa kushindilia mzigo ndani ya mtutu. Mmoja hukaa chini ya mtutu kama kawaida, lakini mimi huenda na wa pili, mrefu kupita mtutu kwa shubiri moja, uliochongwa kwa mkole ambao nyuzi zake zimenyooka kutoka ncha hadi ncha. Nyuzi zikikatiza upande, mti utavunjika kwa mshazari wakati unashindilia, na kipande chenye ncha kali kitapita kwenye kiganja chako. Shika mdeki karibu na mdomo wa mtutu, sukuma kidogo kidogo kwa hatua fupi. Anayeushika juu kabisa na kuusukuma mara moja ndiye anayeuvunja.

Huo mdeki unahitaji alama mbili, na hapa naomba usome taratibu. Chukua bunduki uliyohakikisha ni tupu na safi, tumbukiza mdeki mpaka ugonge chini, kisha piga alama kwa kisu pale mti unapokutana na mdomo wa mtutu. Hiyo ndiyo alama ya tupu. Halafu pakia mzigo wako wa kawaida, shindilia mpaka risasi ikae juu ya baruti bila nafasi, na upige alama ya pili. Kuanzia siku hiyo huna haja ya kukisia. Alama ya pili ikibaki juu ya mdomo wa mtutu, kuna mizigo miwili ndani, au risasi haijafika chini. Ukizama mpaka alama ya kwanza, hamna kitu.

Mjomba hakupokea bunduki mkononi mwa mtu bila kutumbukiza mdeki. Hata nikimrudishia aliyonipa yeye muda mfupi kabla, angesimamisha kitako ardhini, achomoe mti, auteremshe polepole na kuweka ukucha wa dole gumba penye alama. Nikamwambia, "Mjomba, si umeipakia mwenyewe sasa hivi?" Akanijibu bila kuniangalia, "Mpwa wangu, mimi naweza kusahau. Mti hausahau."

Kuna sababu nyingine ya kupima hata kama hakuna aliyegusa bunduki. Ukitembea kwa muda mrefu mdomo wa mtutu umeelekea chini, risasi inaweza kuteleza mbele ikaacha nafasi kati yake na baruti. Nafasi hiyo ndiyo inayovimbisha na kupasua mitutu. Basi kila ukipumzika, pima. Kabla ya kupima, ondoa fataki, na usipitishe kichwa wala kifua juu ya mdomo wa mtutu.

Ncha ya mdeki wa pili iwe na skurubu ya kuvutia risasi. Fundi mzuri wa vyuma anaweza kukutengenezea kofia ya shaba yenye uzi, ambayo unafunga skurubu hiyo au ncha ya misokoto miwili inayovuta matambara. Tumia shaba, maana chuma kikisuguana na chuma ndani ya mtutu kinachubua, na cheche si kitu cha kukaribisha. Skurubu hiyo ina kazi moja: kuingia katikati ya risasi ya plumbi, ambayo ni laini, kuishika, na kuivuta nje.

Kuvuta risasi kuna utaratibu wake. Ondoa fataki kwanza, ama kama ni gumegume, ile inayowashwa kwa cheche za jiwe, futa baruti ya kwenye kisahani na uondoe jiwe. Kisha mwaga maji kidogo ndani ya mtutu na kupitia kwenye chuchu, kile kincha chenye tundu kinachovalishwa fataki, subiri mpaka baruti ilowe kabisa. Ndipo usokote skurubu ndani ya risasi na kuvuta, ukiwa umesimama pembeni, mwili wako wote nje ya njia ya mtutu. Watu wana haraka ya kuvuta wakati baruti bado ni kavu. Wanaona fataki haipo, wanadhani hatari imeisha. Kaa la moto lililobaki chini likitosha kuwasha, mdeki utaruka kama mshale na mkono wako ukiwa umeushika.

Ipo njia nyingine, nayo naipenda zaidi pale mtu aliposahau kuweka baruti akashindilia risasi peke yake. Hilo hutokea, hasa ukiwa unazungumza huku unapakia. Fungua chuchu, dondosha punje chache za baruti kupitia tundu lake, rudisha chuchu, hakikisha kwa mdeki kwamba risasi bado imekaa chini kabisa, weka fataki, elekeza kwenye tuta la udongo na ufyatue. Risasi inatoka kwa uvivu, lakini inatoka. Kwa kazi hiyo unahitaji spana ndogo ya chuchu, chuchu ya akiba, na sindano nyembamba ya kuzibulia tundu. Mimi sindano yangu nimeifunga kwa kamba kwenye mkanda wa mkoba. Ni kitu kidogo mno, kikianguka kwenye majani makavu hukioni tena.

Vifaa vya kupakulia vimekwisha. Sasa baruti.

Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, na iwe baruti nyeusi ya bunduki za kushindilia. Baruti ya ndani ya risasi za kisasa, ile isiyotoa moshi mwingi, usiitie kwenye gobore hata kidogo. Nguvu yake ni ya namna nyingine na mtutu wako utaparaganyika. Mimi hubeba baruti ndani ya pembe ya ng'ombe iliyozibwa kwa mti upande mpana na kwa kizibo kidogo upande wa ncha. Pembe haitoi cheche, haipati kutu, na ukiizamisha kwenye maji kwa bahati mbaya kilichomo kinabaki kikavu. Lakini pembe haimimini moja kwa moja kwenye mtutu. Kama kuna kitambaa kinachofuka chini kutokana na mlio uliopita, moto utapanda mpaka kwenye pembe na utakuwa umeshika bomu. Mimina kwanza kwenye kipimo, ziba pembe, irudishe mgongoni, ndipo umimine kipimo.

Ukiwa unawinda hata hilo ni la polepole. Vipimo vya siku nzima navitayarisha nyumbani, kila kimoja ndani ya kijipande cha mwanzi kilichozibwa kwa nta. Vinakaa mfululizo kwenye mkanda kifuani. Nikihitaji, nang'oa kizibo kwa meno na kumimina. Kiasi cha baruti ni kile kilichojaribiwa kwa bunduki yako na mtaalamu anayeijua. Usiige cha jirani, maana mitutu hutofautiana unene na upana.

Fataki zikae mbali na baruti. Mimi naziweka kwenye kikopo kidogo cha plastiki mfuko wa kulia wa suruali, chache nikizibandika kwenye ukanda wa ngozi uliotobolewa, unaoshika kila fataki kwa mdomo wake. Kwa vidole vyenye jasho, kuokota fataki moja kutoka kwenye kopo huku kanga wanakimbia ni kazi. Ukanda unakuwezesha kuibandika kwenye chuchu bila kuigusa. Wenye gumegume wabebe mawe ya akiba na vipande vya ngozi vya kuyafungia kwenye meno ya nyundo, kwa sababu jiwe lisilofungwa kwa ngozi hucheza na kupasuka. Bunduki za namna hizo ndizo zilizopita Unyanyembe, pande za Tabora, na misafara ya pembe za ndovu, na ndizo zilizompa mtemi Mirambo nguvu kule Urambo mpaka alipofariki mwaka 1884. Bado ninaheshimu mtu anayeweza kuifanya gumegume iwake kila mara. Inataka uangalifu kuliko fataki.

Kitambaa kiwe cha pamba tupu. Nguo ya marekani iliyofuliwa mpaka ikalainika, au kipande cha kanga iliyochakaa, vinafaa sana. Nguo yenye nailoni inayeyuka na kuganda ndani ya mtutu. Kwa bunduki yenye mifereji ndani, kitambaa kinazungushiwa risasi ili ishike mifereji. Kwa gobore la mtutu laini kinakuwa kizibo juu ya baruti na kingine juu ya marisau, zile risasi ndogo ndogo. Vipake nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya kondoo. Sisi watu wa Sikonge hatuna shida ya nta. Kipupwe cha Juni nazidisha mafuta ili mchanganyiko usigande, na joto la Oktoba nazidisha nta ili usitiririke. Mafuta yasiwe na chumvi, maana chumvi inakula chuma. Grisi ya gari usitumie. Ikiungua pamoja na baruti nyeusi inaacha lami ngumu ambayo utaikwangua mpaka jioni.

Beba pia vitambaa vitupu vya kufutia. Baada ya kila mlio, kabla ya kupakia tena, pitisha kimoja kilicholoweshwa mate kidogo, kisha kimoja kikavu. Kinaondoa masizi yanayozuia risasi kushuka, na kinazima kaa lolote lililobaki.

Asubuhi kabla ya kupakia mzigo wa kwanza, fanya jambo moja ambalo halichukui hata dakika. Mtutu uliolala na mafuta huwa na mafuta kwenye tundu la chuchu, na mafuta hayo ndiyo chanzo kikubwa cha bunduki kugoma. Futa mtutu kwa kitambaa kikavu. Weka fataki bila baruti, sogeza mdomo wa mtutu karibu na jani moja kavu lililolala chini, ufyatue. Jani likiruka, njia ni nyeupe. Likitulia tuli, moto haupiti. Choma sindano, rudia. Mimi nafanya hivyo nje ya kambi, nimeelekea ardhi laini isiyo na mawe.

Na ikigoma pamoja na yote hayo? Umefyatua, fataki imelia, mzigo umebaki kimya. Kaa hivyo hivyo, bunduki begani, imeelekea pale pale. Hesabu sekunde 60 kwa utulivu. Baruti iliyopata unyevu inaweza kuchelewa kuwaka, na wengi waliojeruhiwa walikuwa wamegeuza bunduki kuitazama. Dakika ikipita, choma sindano, weka fataki mpya, jaribu tena. Ikikataa tena, sasa unajua kwa nini ule mdeki wa pili ulistahili kubebwa.

Mpangilio wa mkoba wenyewe: ngozi, mkanda mfupi, ukae chini ya kwapa upande wa kulia usipigepige paja. Kila kitu na mfuko wake, na usihamishe. Nilipokuwa najifunza, mjomba alinifunga macho kwa kitambaa, akataja kifaa, nikakitoa. Sindano. Spana. Kitambaa cha mafuta. Kitambaa kikavu. Mfanyie mwanao vivyo hivyo. Usijaze vitu, mkoba uliojaa unalazimisha macho yaingie ndani yake, na macho yanatakiwa mbele.

Maana una mlio mmoja tu. Kupakia upya kunakula nusu dakika kwa mtu hodari, na kwa wengi zaidi. Kwa marisau usijaribu kanga aliye mbali kupita mita 30. Utamjeruhi akafie vichakani, na huo ni ukatili. Kabla ya kufyatua, shika alama ya mahali mnyama aliposimama: mti fulani, kichuguu fulani. Moshi wa baruti nyeusi utatanda mbele yako na hutaona alikokimbilia. Piga hatua mbili kando ya moshi, tazama, sikiliza. Mimi hubeba utepe mwekundu wa kitambaa, nafunga pale niliposimama na pale ninapoona damu ya kwanza. Na kabla ya kufuata, pakia. Masikioni weka pamba, machoni vaa miwani, kwa kuwa vipande vya fataki hurukia usoni.

Jambo la misitu yetu ambalo kitabu cha nchi nyingine hakikuambii: kiangazi, kuanzia Agosti hadi mvua za Novemba, majani ya miombo ni makavu, na kitambaa kinachotoka kwenye mtutu kinatoka kikiwa kinafuka. Kinaanguka hatua chache mbele yako. Ukiondoka bila kukitafuta, unaweza kuchoma msitu mzima pamoja na mizinga ya nyuki ya watu. Kitafute, kikanyage, kimwagie maji. Lita mbili za maji ninazobeba, robo yake si ya kunywa. Angalia pia juu kabla ya kulenga ndege mtini. Mizinga ya magome ina rangi ya mti wenyewe, na marisau hayachagui. Warina asali wako msituni humo humo na wewe, wakati mwingine wamelala chini ya mti wa mtundu wakisubiri jua lipungue. Usipige kitu ambacho hukioni chote na huoni kilicho nyuma yake.

Mengine nitayapitia haraka. Kisu kikali kimoja, kamba, bendeji, chumvi na ugali wa jana au viazi vya kuchemsha, tochi. Nguo ziwe za rangi ya udongo: bluu iliyokolea na nyeusi zinawaita ndorobo, na ndorobo wa huku wanaweza kukuachia malale. Ukipata homa isiyoeleweka baada ya kutoka porini, nenda hospitali na umwambie daktari ulikuwa wapi. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, mguu usitikiswe, abebwe. Risasi za plumbi zisikae mfuko mmoja na chakula, na unawe mikono kabla ya kula.

Kurudi kambini, usiingie na bunduki iliyopakiwa. Fyatua mzigo kwenye tuta la udongo, au uutoe kwa utaratibu niliokwisha eleza. Kisha isafishe siku hiyo hiyo, hata kama umechoka, hata kama nyama iko jikoni. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu wa hewa na usiku mmoja unatosha kuanzisha kutu. Petroli na dizeli hazifai hapo. Masizi hayo yanayeyuka kwa maji. Chemsha maji, yatie sabuni kidogo, fungua chuchu, tumbukiza mkia wa mtutu kwenye ndoo kama unang'oka, na sukuma kitambaa juu na chini ili maji yapande na kushuka. Suuza kwa maji ya moto sana, kwa kuwa chuma chenye joto kinajikausha chenyewe. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke cheupe, halafu kimoja chenye mafuta. Simamisha bunduki mdomo ukielekea chini, mafuta ya ziada yasishukie kwenye chuchu. Kesho yake asubuhi pitisha kitambaa cheupe tena. Kikitoka na wekundu wa kutu, rudi kwenye maji ya moto.